Kubisha

Neno hili lina milango mitatu.
Ukifika kwa watu, unabisha.
Ukikatazwa jambo na moyo ukagoma, unabisha.
Na upepo ukikujia usoni, huupi mgongo:
unabisha, mara kulia, mara kushoto,
mpaka upepo wenyewe ukufikishe pale ulipokukataza.

Mimi ni Shaame wa Mtambwe. Nilianguka mkarafuuni
mwaka wa mavuno makubwa,
pakacha nusu, kingoe mkononi.
Kingoe hakikuvunjika.
Miguu ipo. Naiosha, naivisha soksi,
lakini haijui tena jina langu.

Kingoe kile kile sasa navutia kamba ya tanga
inaponiponyoka. Kiti changu ni pipa la buluu
nililolikata mshazari, na mkanda wa gari bovu.
Anayenibeba ni Mize, mpwa wangu,
mgongoni, maji yakimfika kiunoni.
Hataki msaada wa mtu.
Anasema gunia la mwani mbichi ni zito kuliko mimi,
na halina maneno mengi.

Wete, mwezi wa sita: ngalawa saba, sisi wa sita.
Wa saba alivunjikiwa mlingoti.
Watu wakatupigia makofi
kama mtoto aliyehitimu juzuu ya kwanza.
Makofi yale nililala nayo, yakinichoma.

Mkoani tulipinduka kwenye boya la pili.
Mkanda ukakataa kufunguka.
Chini ya maji nikahesabu kama tulivyohesabu pishi:
mosi, pili, tatu,
nne,
Mize akaukata kwa kisu cha mwani.
Tangu siku hiyo najifunga kwa kanga kuukuu ya mama yake,
fundo la kuteguka kwa mvuto mmoja.
Maandishi yamefutika, limebaki neno moja tu: MTASEMA.

Na Tumbe wakasema.
Tulikuwa wa tatu. Faki Kombo akawaendea waamuzi,
mchanga bado magotini:
"Huyu hana miguu ya kuhesabika. Chombo chake chepesi.
Hii si haki."
Waamuzi wakatazamana.
Nikacheka mpaka nikashika ubavu:
miaka kumi na moja naonewa huruma,
leo, kwa mara ya kwanza, nimeonewa wivu.

Wakaamua nibebe mawe. Kilo kumi na mbili,
zikapimwa kwa mizani ya karafuu.
Nikabisha kidogo, kwa heshima ya neno.
Kisha nikayabeba.

Kojani, kusi ikavuma bila adabu.
Ngalawa nyepesi zililala ubavu, zikanywa maji;
yetu, na mawe yake upande wa joshini,
ikashika njia kama bibi harusi aliyekosana na mumewe:
haitazami nyuma.
Wa pili.
Faki alipita karibu, akayatazama mawe,
akafungua mdomo, akaufunga.

Sasa zimebaki wiki tatu. Ubingwa ni Mombasa,
vyombo ishirini na kitu, na watu ambao makofi yao siyajui.
Usiku barazani nimefunga kamba kwenye nondo ya dirisha,
ndoo ya mchanga ikining'inia upande wa pili.
Navuta, nalegeza, navuta.
Karafuu za jirani zimeanikwa majamvini, harufu inanijia.
Siichukii. Ilinitupa,
lakini mabega haya ilinijengea yenyewe.

Mize ana hofu yake moja.
Ameuliza kila aliyewahi kufika:
gati la kule lina ngazi ngapi?
Hakuna anayekumbuka. Wenye miguu hawahesabu.
Basi kila alfajiri anakwenda skuli, milango haijafunguliwa,
anapanda na kushuka na gunia mgongoni:
kilo zangu hamsini na moja,
juu yake zile kumi na mbili.

Leo amerudi jasho tupu.
Hakubisha hodi. Kausukuma mlango kwa goti,
akatua gunia sakafuni, akavuta pumzi.
"Thelathini na nne," akasema.
"Ziwe hata hamsini."